Kadi ya Karani Abbasi

Rungu la pili lilimpata Abbasi juu ya jicho. Akaanguka uani kifudifudi, kanzu imelowa damu.

Maua alitoka jikoni mbio, akajitupa juu ya mchumba wake.

"Ondoka hapo," alisema Mussa, kaka yake Maua, rungu mkononi. Shavu lake mwenyewe lilikuwa limechanika. Asubuhi ile askari walivamia mkutano wa TANU hapa Isevya, wakawatawanya watu kwa virungu.

"Amekukosea nini, kaka?"

"Mtumishi wa serikali amekatazwa siasa. Waraka umebandikwa ofisini kwao. Sasa huyu alikuja mkutanoni kutafuta nini, kama si kupeleleza?"

"Nani kakwambia?"

Mussa alimwonyesha Shaban, karani mwenzake Abbasi, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Nimesema nilichokiona," Shaban alijibu.

Abbasi alitema jino, asiseme neno. Maua peke yake alijua kwa nini.

"Waambie, Abbasi."

"Nyamaza, Maua."

"Watakuua."

"Nyamaza, nakuomba."

Mussa akainua rungu tena. Maua akapiga magoti mbele yake.

"Ana kadi ya chama. Nilimuuzia mimi, kwa siri, asije akafukuzwa kazi."

Alikimbia ndani, akaitoa sandukuni. Mussa akasoma jina, rungu likamponyoka. Alipogeuka, Shaban alikuwa ameshatoweka. Ndipo alipotambua nani aliwaita askari.

Siku ya tatu Abbasi aliitwa na mkubwa wake, Mzungu. Alikwenda jicho limefungwa kitambaa.

"Shaban ameniambia una kadi ya TANU, ila aliyekuuzia hakumtaja. Kanuni unaijua, karani."

"Naijua, bwana."

"Mtaje aliyekuuzia kadi, nikuhamishie Nzega, ubaki na kazi yako. Ukikataa, leo ndiyo mwisho."

Abbasi alikuwa ametumikia miaka tisa.

"Basi andika kwamba umenifukuza, bwana."

Jioni ile Mussa alimkuta Shaban sokoni Kanyenye. Hakumsalimu. Alimkaba koo, akambamiza ukutani mara mbili, damu ikamtoka puani.

"Kwa nini?"

"Nilileta posa kwenu, Maua akanikataa," Shaban alikoroma. "Nilitaka Abbasi atoke njiani, kwa mkono wako au wa Mzungu."

Wachuuzi wanne walihangaika kumwokoa.

Jicho la Abbasi halikupona. Alimwandikia Maua barua: "Sina kazi, na nina jicho moja. Sikudai tena ahadi yako. Uolewe na mwingine, sitakulaumu."

Maua alijibu kwa kipande cha karatasi: "Mimi sikuposwa na kazi. Ijumaa uje na mashahidi wawili."

Akaja. Baba yao alikuwa amefariki, hivyo walii wa kumwoza Maua alikuwa Mussa. Shehe akawaketisha Abbasi na Mussa uso kwa uso, magoti yakigusana, akaunganisha mikono yao ya kulia.

"Haya, Mussa. Ozesha."

Mussa alilitazama lile jicho.

"Siwezi, shehe. Mkono huu ndio uliompiga."

Abbasi akaukaza ule mkono, hakuuachia.

"Hakuna mwingine wa kunioza, shemeji," alisema polepole. "Sema."

Machozi yakamdondoka Mussa kwenye kanzu. Akasema:

"Abbasi, nimekuoza dada yangu Maua."

"Nimekubali kumuoa."

Nyuma ya pazia, vigelegele vilipoanza, Maua alikuwa analia kwa kwikwi, shangazi yake amemshika mabega.