Video za Tufo Ndani ya Kompyuta ya Zamani

Hapa Palma, kikundi cha ngoma ya tufo cha Furaha Yetu kikicheza, hata wapinzani wake hutoka nje kutazama. Wanawake hupiga magoti safu moja, mabega yakaitikia ngoma. Kiongozi wao ni Saquina. Mumewe, Sadique, ndiye mtunza video. Huziweka kwenye kompyuta ya mapajani ambayo sasa ina miaka kumi na miwili.

Baada ya kila harusi, watu humjia Sadique na flashi zao. Bibi harusi anataka video. Shangazi wa bwana harusi naye anataka. Kumrudisha mtu na flashi tupu ni aibu, hasa akiwa mkwe. Basi Sadique huchomeka kila flashi inayoletwa.

Jumatatu moja, ujumbe uliingia kwenye simu ya Saquina. Tamasha la Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, liliomba video ya kila kikundi. Mwisho wa kupokea ni Alhamisi. Saquina alipiga kigelegele peke yake uani.

"Tuma ile ya harusi ya Zaida," alimwambia mumewe. "Siku ile tuliwafunga mdomo wale wa mtaa wa pili."

Sadique akawasha kompyuta, akabonyeza folda ya video. Ilifunguka tupu. Akabonyeza nyingine. Folda zote zilikuwa na kimshale kidogo pembeni, na ndani hamna kitu.

"Video hazimo," alisema.

"Hazimo vipi? Zimetangulia Pemba kwa miguu?"

Sadique hakucheka. Simu iliyorekodi harusi ile ilikwisha kuanguka majini. Nakala nyingine hawakuwa nayo, na waliochukua kwa flashi walikwisha kuifuta. Mara tangazo jekundu likatokea kwenye kioo: kompyuta yako inaumwa, bonyeza hapa itibiwe. Sadique akasogeza kidole.

"Acha," Saquina alisema. "Daktari gani huyu anayejileta bila kuitwa? Mwite Helga."

Helga ni jirani yao. Alitoka Nampula, ni fundi wa kompyuta katika ofisi za wilaya. Alikuja jioni ileile, akatazama vile vimshale.

"Calma, tulia shemeji. Hivi ni virusi vya flashi. Vinaficha mafaili yako, vinakuwekea picha ya uongo. Ukiibonyeza, unavisaidia kuenea. Umechomeka flashi za watu wangapi?"

"Za wilaya nzima," alijibu Saquina.

"Sasa ningemkataliaje mama yako?" Sadique alimuuliza.

Helga alicheka, kisha akaeleza taratibu. Kila kompyuta ina mfumo, yaani programu kuu inayoiendesha. Wezi hutafuta matundu ndani ya mfumo. Watengenezaji huyaziba kila mara. Lakini mfumo wa zamani hufika siku wakaacha kuuziba.

"Wa kwako wameuacha," alisema. "Na ule mpya hauwezi kukaa humu. Mashine haina nguvu hiyo."

"Basi niitupe?"

"Nani kasema? Ina mfumo mbaya tu, mashine yenyewe nzima."

Akatoa flashi yake ndogo. Ndani yake mlikuwa na mfumo mwingine, Linux, ambao ni wa bure. Ipo aina yake nyepesi, kwa mashine kuukuu, na matundu yake bado yanazibwa. Helga aliwasha kompyuta kupitia flashi ile, bila kugusa mfumo wa zamani. Akafungua folda. Virusi havikuweza kuficha kitu humo. Ngoma zikalia sebuleni. Saquina akajiona mwenyewe kwenye kioo, uso mweupe kwa poda ya msiro, mabega juu.

"Ndiye mimi huyo," alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Helga alinakili video na picha tu kwenye diski mbili alizokuja nazo. Programu za zamani hakuzichukua hata moja. Ndipo alipofuta kila kitu na kuweka Linux.

"Huu nao si ngome," alionya. "Kila wiki uruhusu upokee marekebisho. Diski moja ikae sandukuni, usiiache imechomekwa. Na senha zote, yaani maneno ya siri, ulizoandika humu zamani, zibadilishe kwa simu."

Usiku huohuo Sadique aliunganisha kompyuta na intaneti ya simu. Video ikaenda Pemba.

Jumatano mama mkwe alibisha hodi, flashi mkononi.

"Nitakutumia kwenye simu, mama," Sadique alisema. "Flashi haziingii tena."

"Mimi niliyekuzalia mke, unanizuia?"

"Flashi ndiyo niliyoizuia, mama. Wewe pita, chai ipo."

Mama alinung'unika mpaka kikombe cha pili. Video ilipofika kwenye simu yake, akasahau ugomvi.

Siku tisa baadaye kompyuta ilipokea barua pepe kutoka Pemba. Sadique aliisoma mara mbili kabla ya kumwita mkewe.

"Wanatutaka," alisema. "Wanauliza mnakwenda wangapi."

Saquina alihesabu wenzake kwa vidole.

"Andika kumi na wanane," alisema. "Na mtunza video mmoja. Aje na mashine yake."