Hodi Elfu Tisini

Bawabu alikuwa mashine ya ukubwa wa jokofu, katika chumba cha baridi cha hospitali ya Mwambani Mpya. Kila ujumbe wa mtandao uliokuja kutoka nje ulibisha hodi kwake kwanza. Aliujibu karibu, akautengea kiti, yaani nafasi katika kumbukumbu yake, akausubiri uingie aukague.

Mhandisi Rukia ndiye aliyemfundisha hivyo. "Kwetu mtu akibisha hodi hatumkalii kimya," alisema siku alipomfundisha.

Jumanne saa nne asubuhi, hodi zikaanza kumiminika, elfu tisini kwa dakika. Waliobisha hawakuingia. Bawabu aliwatengea viti wote, akasubiri kwa adabu, mpaka viti vikaisha.

"Nani hao?" Rukia aliuliza.

"Si watu," alijibu Chande, fundi mwenzake. "Ni mashine zilizotekwa. Majokofu, taa za barabarani, chochote chenye mtandao. Kuna mhuni anazituma zibishe kisha zikimbie."

"Na wagonjwa wa nyumbani?"

Chande akatazama kioo cha kompyuta. Wagonjwa mia mbili na kumi walivaa vidani-moyo, vifaa vidogo vya kifuani vinavyopeleka mapigo yao hospitalini. Vyote vilikuwa vimekwama nje.

"Adabu zako zimetuponza, dada," alisema. Lakini alimsogezea chai yake ya tangawizi.

Rukia akamwandikia Bawabu amri mpya: asimwekee mtu kiti. Anayebisha apewe namba, aende nayo, arudi nayo. Akirudi, ndipo akaribishwe. Mashine za mhuni hazingerudi, maana hazikuwa na haja ya kuingia.

Baada ya dakika sita vidani vilianza kuingia, kimoja kimoja, hadi mia mbili na tisa.

Kilichobaki kilikuwa cha Bi Mwanakombo, aliyeishi peke yake mtaa wa nyuma ya hospitali.

"Chake cha zamani," Chande alisema taratibu. "Labda hakijui kushika namba."

"Na kama tatizo si kidani?"

Rukia akavua koti, akatoka mbio.

Alifika kwenye mlango wa buluu. "Hodi! Hodi, bibi!"

Kimya. Akangoja, kama alivyomfundisha Bawabu kungoja.

Kisha ndani zikasikika ndara zikiburutwa.

"Karibu, mwanangu. Ngoja nijifunge kanga."

Rukia akakaa kizingitini, machozi yakimtoka. Mlango ukafunguka. Bi Mwanakombo akamtazama, akamwekea kiganja begani.

"Mbona unahema hivyo? Hata chai hujanywa?"