Alivunja Nini Likunda

Mzinga wa sherehe ulilia adhuhuri, na watoto wa shule waliopangwa katikati ya Uwanja wa Kiapo hawakutikisika. Kombora lilipaa kuwaelekea, likafika kwenye utandu wa mvuke uliokuwa umetanda juu ya vichwa vyao, likasita kama mgeni aliyepotea nyumba, kisha likalainika na kumwagika. Yakawa manyunyu. Watoto wakalowa na kucheka, wanawake wakakinga bakuli ili wakawapake wagonjwa nyumbani, na mabalozi wa nchi za mbali waliokaa kivulini wakasahau kufunga vinywa.

Juu kabisa ya mnara-mvuke, Mhandisi Somoe Mbonde hakuwa akiwatazama watoto. Macho yake yalikuwa kwenye mshale wa kipimakiapo, ile saa kubwa ya shaba inayoonyesha nchi nzima ina kiapo kiasi gani. Mshale ulikuwa umesimama vizuri. Hata hivyo, tangu asubuhi hakuacha kuutazama.

Kila mtoto wa Jamhuri ya Maji anaijua historia. Babu zetu walijipaka maji ya chemchemi, wakawakabili Wadachi, na risasi zikageuka maji. Hazikugeuka zote, lakini zilizogeuka zilitosha. Wadachi wakarudi nyuma hadi pwani, wakajijengea dola yao huko, na mpaka leo mto ndio mpaka. Na wale babu waliokufa? Wazee wa wakati ule walilijibu swali hilo mapema: maji hayakosei. Aliyepigwa na risasi alivunja mwiko. Ama aliiba, ama alilala na mwanamke wakati wa vita, ama aligeuka nyuma. Lilikuwa jibu zuri, kwa sababu aliyetakiwa kulipinga alikuwa maiti.

Baadaye wataalamu wa Chuo cha Maji waligundua kwamba nguvu haimo ndani ya maji. Imo ndani ya kiapo, na maji huibeba tu, kama waya unavyobeba umeme. Ndipo yakajengwa mabomba-kiapo, moja kila mtaa. Kila alfajiri raia hunywa kijiko kimoja, humwomba Mungu, huwataja wahenga, kisha huapia miiko mitatu mbele ya mdomo wa bomba. Viapo hupita chini ya ardhi mpaka mnarani, mnara huvigeuza mvuke, na mhandisi huupeleka mvuke unakohitajika. Jambo ambalo raia hawaambiwi ni kwamba mvuke hautoshi nchi nzima kwa wakati mmoja. Ukiongeza huku, umepunguza kule.

Ndiyo maana siku iliyotangulia Somoe alithubutu kubishana na Mzee Mkwinda, Mlinzi Mkuu wa Miiko, aliyepanda ngazi zote za mnara kwa miguu yake yenye baridi yabisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kesho nataka mvuke mzito uwanjani. Mabalozi wasione hata upenyo wa sindano."

"Mzito nitautoa wapi, mzee, kama si mtoni?"

"Mtoni kumetulia."

"Kumetulia kwa sababu mvuke upo."

Mzee Mkwinda hakukasirika. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera kila ninapoisimulia habari hii, maana mtu mbaya angetupunguzia kazi. "Mabalozi wakiridhika watatia saini mkataba," alisema. "Pwani wataogopa, vita vitakwisha, na vijana watarudi nyumbani. Mdogo wako si yuko kivukoni?"

"Likunda, ndiyo."

"Amewahi kuvunja mwiko?"

Somoe alicheka bila kutaka. "Likunda? Huyo hata kuku wa jirani akitaga kwetu, yai alikuwa analirudisha."

"Basi hofu ya nini? Aliye safi, kiapo chake kinamtosha."

Na Somoe aliamini. Mtu wa nchi nyingine atashangaa, mhandisi mzima, aliyesoma mvuke na mabomba miaka yote hiyo. Lakini yeye pia alikuwa amekunywa kijiko kila alfajiri tangu aote meno. Aliwaza kwamba mvuke ni wa watu wenye madoa kama sisi wengine, na kwamba Likunda angeweza kusimama mtupu mbele ya mizinga na asipate hata mchubuko. Akaushika usukani wa mvuke, akauzungusha kuelekea uwanjani.

Jioni ya sherehe, simu-maji ya mnarani ikabubujika, sauti ikapanda ndani ya bomba kutoka mtoni. "Kivuko kimepigwa adhuhuri. Kuna askari aliyevunja."

Huko mtoni hawasemi amekufa. Husema amevunja.

"Jina?" aliuliza Somoe.

"Likunda Mbonde."

*

Aliyevunja hazikwi hivi hivi. Hakaliwi tanga, na jina lake halipewi mtoto yeyote wa ukoo. Hata maiti yake haitolewi mpaka mama mzazi asimame juu ya jiwe chini ya mnara na kutamka mbele za watu mwanawe alivunja nini. Asipotamka, maiti hutupwa ng'ambo ya mto pamoja na za adui. Tamko la mama hupita ndani ya bomba na kuingia mnarani kama kiapo kingine chochote.

Asubuhi iliyofuata Bi Nankondo, mama yao, alikuwa uani akipepeta mtama ambao ulikuwa safi tangu jana. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu. Somoe alipiga magoti mbele yake.

"Nimeshamwosha," alisema mama. "Wametupa ruhusa ya kumwosha tu. Tundu liko hapa." Akagusa kifua chake mwenyewe. "Sasa wewe una ile saa yenu inayoona viapo vya watu. Niambie. Alivunja nini mwanangu?"

"Mama..."

"Nimewaza mpaka kichwa kimechoka. Wizi, hapana. Mwanamke, sawa, ni kijana, damu inachemka. Lakini mchumba wake yupo hapa hapa mtaani, hajakanyaga mtoni. Nitajie tu, Somoe. Sitamlaani. Nikijua nitatamka, nitamsamehe, nitamzika."

Somoe angeweza kumtajia lolote. Njiani alikuwa amelitayarisha neno, lakini mbele ya uso ule halikutoka.

"Hakuvunja kitu, mama. Mimi ndiye niliyeuondoa mvuke."

Ungo ukasimama. Akamweleza yote: mvuke usiotosha, usukani, mabalozi, na jinsi alivyoamini kwamba mdogo wake hahitaji mvuke. Alieleza huku akilia, na alipomaliza mama yake aliuliza jambo moja tu.

"Kwa ajili ya sherehe?"

"Kwa ajili ya sherehe, mama."

Bi Nankondo aliurudia mtama wake, akauzungusha taratibu. Nje ya ua watoto wa jirani walikuwa wakiigiza mzinga, mmoja akipiga kelele za mlipuko na wengine wakijimwagia maji ya kopo.

"Nikisimama juu ya jiwe nikasema hivyo, itakuwaje?"

"Watu wakijua kwamba aliye safi naye anakufa, hawataapa tena kwa moyo. Mshale utaanguka. Pwani wana mizinga inayofika mpaka hapa."

"Na hawa?" Mama aliwaonyesha watoto kwa midomo.

Somoe aligeuka kuwatazama.

"Nenda kazini kwako," alisema.

*

Alasiri watu walijaa chini ya mnara. Jeneza liliwekwa juani, limefunikwa shuka jeupe lisilo na maua, kwa kuwa maua ni ya wasiovunja. Somoe alikuwa juu kwenye chumba cha usukani, na Mzee Mkwinda alikuwa kando yake, amekuja kwa heshima ya msiba wa mtumishi wake. Mbele ya Somoe kulikuwa na pembe ya kusemea, inayotangaza mpaka mtaa wa mwisho wa mji. Aliiangalia. Akaisogelea. Neno moja tu lingetosha, na Likunda angezikwa kama binadamu.

Chini, mama yake alipanda juu ya jiwe. Kabla ya kufungua kinywa aliinua uso, akatafuta dirisha la mnara mpaka akamwona bintiye na ile pembe. Akatikisa kichwa mara moja. Somoe akaiachia pembe.

"Mimi Nankondo," ilisikika sauti yake ndani ya bomba, nyembamba lakini haitetemeki. "Mama yake Likunda. Mwanangu aligeuka nyuma."

Mtangaza miiko akauliza kama desturi inavyotaka: "Aligeuka kutazama nini?"

"Alimtazama dada yake."

Umati ukaguna kwa huruma. Baadhi walijifuta machozi. Walidhani ni mapenzi ya ndugu, kijana aliyekumbuka nyumbani wakati mbaya. Waliomwosha maiti, walioliona tundu kifuani, si mgongoni, waliinamisha vichwa. Na kule juu Somoe alielewa. Katika watu wote wale, maneno yale yalikuwa yake peke yake, na mama yake alikuwa ameyasema polepole ili yamfikie.

Mshale wa kipimakiapo ulipanda. Ulipita alama ya sherehe, ukapita alama ambazo Somoe hakuwahi kuziona zikifikiwa.

"Unaona?" Mzee Mkwinda alinong'ona, na macho yake yalikuwa na unyevu wa kweli. "Imani ya mama yako, mwanangu. Hiyo peke yake inatosha kuulinda mji."

*

Tanga halikukaliwa, kama sheria inavyotaka. Lakini hakuna sheria inayomzuia mwanamke kwenda kwa jirani kuazima kinu, na jioni ile baada ya maziko wanawake wengi mno walihitaji kinu cha Bi Nankondo. Somoe alipofika aliwakuta wamejaa sebuleni mkekani, na kinu kiko palepale kilipokuwa. Aliwatambua wote. Kila mmoja wao, Somoe alikuwa amewahi kumsikia ndani ya bomba, akitamka.

"Mimi wangu nilisema aliiba mbuzi," Bi Havijawa wa nyumba ya tatu alikuwa akisimulia. "Na yule mtoto alivyokuwa anawaogopa mbuzi! Akimwona beberu anapanda juu ya meza."

Wakacheka mpaka wakalia, au pengine walianza na kulia, huwezi kujua. Mwingine akasema, "Mimi wangu nilimpa mwanamke. Hakuwahi kuwa naye. Nikasema moyoni, bora apate hata wa kutajwa." Wa tatu alitaka kusema lake akashindwa, wakamshika mikono na kumwachia nafasi.

Somoe alisimama mlangoni, na masomo yake yote yakamtoka kama maji kwenye tenga. Kitabu cha Chuo cha Maji kinasema kipimakiapo hupima imani. Hawa hawakuwa nayo. Walikuwa wameipoteza kila mmoja juu ya lile jiwe, na hata hivyo mshale ulikuwa ukipanda kila walipotamka. Kilichokuwa kikipita ndani ya mabomba miaka yote ile, kikigeuka mvuke juu ya vichwa vya watoto wa watu wengine, kilikuwa ni huu uongo, na kila mama alikuwa ameulipia kwa heshima ya mwanawe. Wao walijua. Mhandisi ndiye aliyekuwa hajui.

Akavua ndala, akaingia, akajikunja kukaa pembeni ya mkeka.

"Hapana," alisema mama yake.

Wanawake wakageuka kumtazama.

"Hapa wamekaa waliotamka, Somoe."

"Mama, alikuwa ndugu yangu."

"Alikuwa ndugu yako. Na mimi ni mama yako, sijakukana." Bi Nankondo alizungumza bila hasira, na ingekuwa nafuu kama ingekuwapo. "Lakini hapa hukai, wala usinililie. Rudi kwenye mnara wako. Ule mvuke uurudishe mtoni leo hii, na yule mzee akipanda tena na sherehe zake, umwambie mwenyewe umejifunza nini. Mnara ule uulinde mpaka uzeeke. Ukianguka, tutakuwa tumewatukana watoto wetu bure."

Hakuna aliyemtetea. Bi Havijawa alisogea kidogo kumpisha apite, akampapasa mguu alipopita, basi.

Somoe alivaa ndala zake mlangoni akatoka. Alipofika uani, mazungumzo yalikuwa yameanza tena ndani, kwa sauti ya chini, na alimsikia mmoja wao akimuuliza Bi Nankondo, Likunda alikuwa akipenda kula nini.