Kiganja cha Lamprecht

"Harpia, unamwona?"

Nubia Domicó, aliyeitwa Harpia redioni, alisogeza mdomo kwenye Motorola. "Namwona. Wamemfunga kamba kiunoni kama mbuzi."

"Usifyatue mpaka awe huru. Umenielewa?"

"Yule ni mdogo wangu, Kanali. Nimekuelewa kabla hujasema."

Alipunguza sauti ya redio.

Chini ya tawi alilolalia, mdogo wake Arcesio alikuwa akipekua majani yaliyooza kando ya kijito, akitafuta vyura wa manjano. Kila aliyempata alimshika kwa jani, akamtia sandukuni. Hakuna Muembera, mtu wa kabila lao, anayemgusa chura yule kwa mkono mtupu. Sumu yake ikiingia kwenye damu, moyo husimama.

Kamba aliishika Wilmar, mwenye AK-47. Nyuma yao alisimama Lamprecht, mnunuzi kutoka ng'ambo, glavu mikononi. Helikopta yake ilikuwa njiani. Sanduku likijaa, Arcesio angepigwa risasi na kuachwa hapo.

"Harakisha, wewe mtu wa porini," Wilmar alifoka. "Helikopta haisubiri."

"Basi ishuke itafute yenyewe."

Kitako cha bunduki kikatua mdomoni. Arcesio akatema jino.

Nubia alitamani kupiga yowe. Akauma mkono wake.

Ghafla Lamprecht akateleza kwenye tope, akadaka mti uliokuwa karibu. Chonta! Mchikichi wa miiba mitupu, ambao wenyeji wanaona heri waanguke kuliko kuushika. Akalia kama mtoto, akavua glavu iliyotoboka, akaanza kung'oa miiba kwa meno. Kiganja kizima kilivuja damu.

Wilmar akageuka kumcheka.

Nubia akaruka.

Panga likamshukia Wilmar shingoni. Hakuwahi hata kumwona. Pigo la pili likakata kamba. Nubia akachomoa bastola yake ya Glock.

Akachelewa. Lamprecht alishamkaba Arcesio, Beretta sikioni.

"Tupa!"

Nubia akaitupa.

"Mnaua vibaya sana nyie watu," Lamprecht alisema.

"Kwani umekuja kujifunza?"

Arcesio akalipiga teke sanduku. Kifuniko kikafunguka. Vyura wakatawanyika kuelekea majini.

"Vyura wangu!"

Lamprecht akamsukuma mateka wake, akamdaka mmoja kwa mkono ule ule uliochanika. Akakaza ngumi. Kwa mkono mwingine akafyatua.

Risasi ikamrarua Nubia begani. Akaanguka chali.

Lamprecht akamlenga tena, akitabasamu. Kidole hakikukunjika. Tabasamu likamganda. Akapiga magoti, akaanguka kifudifudi kijitoni.

Nubia akajikokota, akachuma jani, akavifumbua vile vidole. Chura alikuwa mzima. Akamweka juu ya jiwe.

"Harpia! Nimesikia risasi! Nani kafyatua?"

"Yeye."

"Na wewe?"

"Sikuhitaji. Ingojeeni helikopta, mumkamate rubani."

Arcesio alimfunga bega kwa shati lake.

"Umechelewa, dada."

"Mama alinilazimisha nimalize supu kwanza."

Akacheka kwa mdomo wenye pengo jipya, machozi yakimtiririka. Nubia akaokota Glock, akaivuta kamba ile iliyokatwa, akaitupa majini. Kisha wakaanza kuupanda mlima taratibu, wakiukwepa ule mti wa chonta.