Blauzi Aliyokataa Kuivua Yarisel

Kila alasiri, akishateka maji, Yarisel aliketi mlangoni na bibi yake kushona mola, yaani picha za vitambaa vya rangi zinazopamba kifua na mgongo wa blauzi. Alitandaza kitambaa chekundu juu ya cheusi, akakata umbo, akakunja kingo kwa ncha ya sindano, kisha akazishona kwa mishono midogo midogo. Sikukuu ilikuwa inakaribia, na kila msichana wa kundi la ngoma alitakiwa kujishonea blauzi. Wenzake walishona kasa na ndege. Yeye alikuwa bado hajaamua.

Siku moja mdogo wake, Aiban, alipokuwa akiogelea baharini nyuma ya nyumba, alikanyaga kopo lenye kutu, likamkata. Mguu ukavimba, homa ikapanda, akakimbizwa kwa boti hadi zahanati ya kisiwa jirani. Watu wote walijua kwamba Mzee Eriberto, mwenye duka, humwaga taka zake baharini kila asubuhi. Hakuna aliyemwambia kitu, maana sukari ya sikukuu ilitoka kwake.

Yarisel akapata umbo la kukata. Alishona mtu mwenye kitambi na kofia, akimwaga makopo majini, na mtoto akiogelea chini yake. Bibi alimuuliza kama anajua anachokitafuta. Alijibu kwamba anajua. Bibi akamsogezea kipande cha njano, akamkumbusha kuwa kofia ya mzee yule ni ya njano.

Siku ya mazoezi, Shangazi Nidia, kiongozi wa ngoma, alipoiona blauzi ile alimwita kando.

"Kavue hiyo. Unataka tukose sukari, wewe mtoto?"

"Shangazi, aliyekatwa na kopo mguuni ni Aiban. Siivui."

"Basi huchezi."

"Basi nitakaa nitazame, lakini nikiwa nimeivaa."

Habari zilifika dukani kabla ngoma haijaisha. Jioni Yarisel aliitwa kwenye nyumba ya mkutano. Mkuu wa kisiwa alikuwa amejilaza kwenye bembea yake ya kulalia, iliyofungwa katikati, kama kawaida, na watu wamejaa kwenye mabenchi. Mzee Eriberto alilalamika kwa kirefu. Alisema ametukanwa na mtoto wa juzi, tena mbele ya wateja wake, na akataka blauzi ile ifumuliwe.

Yarisel alisimama.

"Mzee Eriberto, nikiifumua, utaacha kumwaga makopo?"

Waliokaa nyuma ya Yarisel wakaanza kucheka chini chini. Mkuu akauliza wanacheka nini, kisha akamwambia msichana ageuke.

Mgongoni kulikuwa na mola nyingine. Ilionyesha msichana mwenye sketi ya bluu akiwa gatini, akitupa mfuko wa taka majini.

"Na huyo ni nani?" mkuu aliuliza.

"Ni mimi. Nyumbani kwetu mimi ndiye ninayetumwa kutupa taka. Hata lile kopo sijui lilikuwa la nani. Labda ni letu."

Mzee Eriberto akavua kofia yake ya njano, akaitazama, halafu akacheka kidogo mwenyewe. Akasema kofia imeshonwa vizuri, ila kitambi kimezidi. Kisha akakubali kwamba boti yake, inayokwenda bara kila wiki kuchukua bidhaa, itabeba na taka za kisiwa kizima.

Mkuu aliinuka, akaketi kwenye bembea yake.

"Wakubwa tuliliona jambo hili tukanyamaza kwa ajili ya sukari," alisema. "Mtoto huyu amesema ukweli na hakuogopa. Lakini nimemsikiliza kwa sababu amejisema na yeye mwenyewe. Watoto, mkiona kosa, lisemeni, na lenu msilifiche. Na taka zisiguse tena maji wanamooga watu."

Siku ya sikukuu Aiban alikuja akichechemea, akakaa mbele kabisa. Shangazi Nidia alimpanga Yarisel mstari wa kwanza, akamwambia ageuke mara nyingi ili watu waione na ile ya nyuma.