Kura Tatu za Obadiah

"Foleni ilikuwa ndefu?" Mwalimu Dinah aliuliza, akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Ndefu kama treni ya mizigo," Obadiah alijibu. "Lakini mtu wa kura tatu hasimami sana. Nilipitishwa mbele."

Hoteli ya Mama Ndunge pale Voi ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Ilikuwa Machi, mwaka wa hamsini na saba. Juzi tu redio ya Ndunge ilitangaza kwamba Ghana imepandisha bendera yake, watu wakaikalia hata mifuko ya unga ili wasikie. Na sasa Waafrika wa Kenya nao walikuwa wamechagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Si wote, lakini. Kura zilipimwa kama dawa: moja kwa masomo, moja kwa mshahara, moja kwa miaka ya kazi au kwa uzee, mwisho wake tatu. Asiye na sifa hata moja alibaki kuwatazama wenzake.

Mzee Mwandawiro wa Mbololo, babake Dinah, alikuwa amekwisha kusema: binti yake ni mwalimu, ana kura mbili, na haolewi na mwanamume aliye chini yake. Posa ya Obadiah ilipita kwa sababu moja tu. Voi nzima ilimwita Kura Tatu.

Ukweli aliujua mwenyewe. Siku ya kujiandikisha aliingia ofisini kofia mkononi. Masomo yake yaliishia njiani, mshahara wake wa kupima mizigo stesheni haukufika, na miaka yake kazini ilikuwa ya kuhesabika. Alitoka mikono mitupu. Rafiki yake Bernard alikuwa nje, akauliza, wamekupa ngapi? Kabla Obadiah hajafikiri, mkono ukainuka na vidole vitatu. Ni haya iliyoviinua vile vidole, wala si majivuno, lakini nani angemwamini? Tangu hapo akawa anawaeleza watu mambo ya Suez na Ghana kama mtu aliyeulizwa ushauri.

"Na pale mezani ulimkuta nani?" Dinah aliendelea.

"Mzungu mmoja na makarani wawili. Mwanamume, na mama mmoja hivi wa makamo. Huyo mama ndiye aliyesoma jina langu."

"Kura Tatu wewe," Ndunge akadakia, "umeenda kupiga kura ama kupima wanawake umri?"

Hoteli nzima ikacheka. Dinah akaweka kijiko chini.

"Huyo mama ni mimi, Obadiah. Karani wao aliugua, wakaniita asubuhi. Nimesoma majina tangu mlango ufunguliwe hadi ufungwe. Lako nimelitafuta mara nne, nikadhani ni macho yangu yamechoka."

Alisema polepole, lakini kwa Ndunge hata mnong'ono hufika jikoni. Ikabaki redio peke yake ikiongea. Bernard aliinama kufunga kamba za kiatu, na alikuwa amevaa kandambili. Obadiah alihisi masikio yakiwaka. Laiti mtu angemtukana, angepata la kujibu.

"Dinah, mimi nili..."

"Kura aliuliza baba. Mimi sijawahi kukuuliza kura. Nilikuuliza foleni."

Akachukua mkoba wake akaondoka.

Kufikia Jumatatu jina lilikuwa limebadilika. Sasa ni Sufuri. Obadiah akawa anapitia nyuma ya stesheni ili asiuone mlango wa Ndunge. Ile homa iliyozunguka dunia mwaka ule ilipofika Voi ikamlaza wiki nzima, naye akashukuru, maana mgonjwa haulizwi maswali.

Alipoinuka alikuta kikaratasi chini ya mlango. Mwandiko ni wa ubaoni, kila herufi imesimama wima.

"Uvumi umefika kwa baba. Amekataa kuuamini. Amegombana na jirani yetu Margaret, amemwambia mkwe wake hawezi kusema uongo. Mimi nimenyamaza. Hiyo si kazi yangu, ni yako. D."

Obadiah alikisoma mara mbili, akakaa kitandani akajifunika uso. Kuchekwa alikuwa amezoea. Lakini mzee wa watu kumgombania, kwa jambo ambalo halikuwapo?

Jumapili akapanda Mbololo kwa miguu. Alikuta nyumba imejaa watu waliotoka kanisani, na Margaret kati yao, amenuna.

"Kura Tatu, mwanangu, karibu," Mzee Mwandawiro akasema. "Umekuja wakati mzuri. Waambie hawa."

Obadiah hakuketi. "Baba, sina kura tatu. Sina hata moja. Nilikudanganya."

"Rudia," mzee akasema. "Margaret hasikii vizuri."

Akarudia.

"Margaret, umesikia?"

"Nimesikia," Margaret akasema. "Sasa na wewe sema ya kwako."

Mzee akakohoa. Akaanza kukuna goti. "Mimi nilipewa moja," akasema hatimaye, "ya uzee. Nilipofika hapa nikawaambia ni mbili. Niliona haya kuwa chini ya binti yangu."

"Tulijua," Margaret akasema.

Hakuna aliyecheka mpaka mzee mwenyewe alipoanza. Obadiah hakuweza. Alikuwa bado amesimama, kofia mkononi kama siku ile ya ofisini, Dinah alipotoka jikoni na kikombe.

"Foleni ilikuwa ndefu?" akamwuliza.

"Sijui," Obadiah alijibu. "Sikuwapo."

Dinah akamwangalia vizuri, kama anayesahihisha daftari, kisha akampa kile kikombe.

"Kaa basi. Chai inapoa."

Oktoba, Warusi waliporusha kile chombo chao kikawa kinaizunguka dunia, watu kwa Ndunge walimgeukia Obadiah kwa mazoea awaeleze. Alisema amesikia redioni, sawa na wao.

Na Novemba jina lake likasomwa kanisani, pamoja na la Mwalimu Dinah, ili mwenye pingamizi aseme. Lilisomwa Jumapili tatu mfululizo. Ile ya tatu, Bernard aliyekuwa benchi la nyuma akainua mkono kimyakimya. Obadiah akageuka, akaona vidole, na masikio yake yakawaka upya mbele ya kanisa zima.

Vilikuwa vitatu.