Shika Fimbo, Shemeji

"Mwenye mnada ni huyu hapa," shemeji alimwambia askari, akaninyooshea kidole.

Mimi?

Nilijua anatania. Nikacheka kabisa, jamani, mpaka pingu ziliponigusa mkono.

Ngoja niwaeleze. Shemeji ndiye mume wa dada yangu, na zizi la mnada ni lake. Mimi nilikuwa namwazima sauti tu. Mnadi anasimama juu ya benchi, anaita bei, na bei ikifika anagonga lango kwa fimbo. Akigonga, ng'ombe kauzwa.

Niliwahi kumuuliza, "Shemeji, leseni ipo?"

"Wewe ita bei. Mambo ya ofisini niachie mimi."

Nikamwachia. Mume wa dada yako utamdai vyeti?

Siku ile wala sikutakiwa kuwepo. Dada alinibana nimpeleke mama kliniki. Kumbe mama akahudumiwa mapema, nikamrudisha nyumbani, nikapitia zizini kusalimia. Nikamkuta shemeji koo limemkauka, wanunuzi wananung'unika.

"Shika fimbo, shemeji. Niokoe."

Undugu ni kufaana. Nikashika.

Ng'ombe wa tatu hajatoka langoni, gari la maafisa likaingia...

Mahakamani hakimu aliuliza jambo moja tu: nani alikuwa anagonga? Wanunuzi wote walinitaja, na hawakusema uongo. Kuendesha mnada wa mifugo bila leseni ni faini au kifungo. Faini ilitushinda.

Shemeji alikuja siku moja tu. Alikuja kama shahidi wa serikali.

Gerezani nilikuwa na swali moja linanikosesha usingizi. Nani alituchoma kwa maafisa? Nilimshuku kila mtu niliyewahi kugombana naye.

Kisha dada akaja kunitembelea. Amekonda, macho chini.

"Aliyepiga simu ni mimi," akasema.

"Wewe?"

"Nilimsikia mume wangu akimwambia mwenzake, maafisa wakija watamkuta mwenye fimbo, yeye hayumo. Ndiyo maana alikuwa anakupa wewe kila mara. Nikasema nimuwahi. Siku ambayo wewe hupo, atagonga mwenyewe."

Kliniki ya mama ikaanza kunielea.

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Ungeenda kumuuliza."

Kweli, ningemuuliza. Ningemfuata pale pale na kumuuliza, naye angeniapia, nami ningemwamini.

Ndugu zangu, leseni ya mtu usiambiwe ipo, ione kwa macho yako. Sheria haiulizi zizi la nani, inamkamata aliyekutwa anauza. Na ukijua ndugu yako anachimbiwa shimo, mwambie, hata kama hana kifua cha kutunza siri.

Nimeshatoka sasa. Shemeji ana mnadi mwingine, kijana wa watu, sauti nzuri.

Jana nilimfuata kijana huyo nikamweleza yote.

Akanicheka. "Kaka, yule bosi ni kama baba yangu."